Dakika Nne za Baba

4 Machi

Kwa binti yangu, Bi Maswali,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Kazi haijambo? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa kama injini ya zamani? Mimi mwili ni mzima. Masikio tu ndiyo yale yale. Miaka ishirini na sita ya king'ora imeyala yote, ndiyo maana nakuandikia, tusije tukashinda kwenye simu tukiulizana "nini?" na "hee?".

Mwanangu, nimesimamishwa kazi.

Jumatatu ya tarehe 26 Februari asubuhi, kituo cha simu za dharura kilinituma nikamchukue fundi cherehani, yule mama aliyekushonea sare ulipoingia sekondari. Pumu ilimbana. Nilitoka mara moja, mimi mbele na nesi nyuma akitayarisha oksijeni. Tulipofika alikuwa ameshakata roho, amelala sakafuni kati ya cherehani na kabati, binti yake amemshika kichwa.

Sasa kamati ya uchunguzi inasema nilitumia dakika kumi na tisa kwa safari ya dakika nane. Wamenionyesha karatasi: simu iliingia 10:05 kwa saa za mitambo, yaani saa nne na dakika tano, gari likafika 10:24. Wananiuliza, "Mzee, ulikuwa wapi?" Nawaambia nilikuwa njiani. Wanatazamana.

Mimi najua nilivyoendesha. Nimeomba nakala za kumbukumbu za mitambo na wamenipa, ni haki ya mshtakiwa. Ziko kwenye hii flashi niliyoifunga ndani ya soksi isivunjike. (Soksi ni safi.) Wewe ndiye unayeongea na kompyuta mchana kutwa. Ziulize, zitakwambia baba yako si mzembe. Kikao ni tarehe 8 Aprili.

Kula vizuri.

Baba yako


9 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi sijambo, kikohozi kimeondoka. Soksi na flashi vyote vimefika salama.

Baba, pole. Pole sana. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni ofisini na mkoba begani, nikashindwa hata kuingia. Yule mama alinipimia sare ile akiwa na pini mdomoni, akanikataza kucheka nisije nikamchekesha akazimeza.

Sasa nikueleze nilichofanya. Kila mashine ina shajara yake. Kila jambo linapotokea, inaandika mstari mmoja, na mwanzoni mwa mstari inaweka saa. Umenipa shajara mbili: ya mashine ya kituo, na ya kifaa kilichomo kwenye gari lako. Ni mistari zaidi ya laki mbili, haisomeki kwa macho. Kwa hiyo nikaandika skripti fupi, ni kama orodha ya maagizo. Amri moja, grep, inachambua mistari ya gari lako peke yake. Nyingine, awk, inakata ile sehemu ya saa. Ya tatu, date, inaigeuza kila saa kuwa sekunde, maana sekunde ni rahisi kujumlisha na kutoa. Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la tatu.

Nikaanza na swali ambalo kamati haikuuliza: hizi saa mbili zinakubaliana? Ukipokea safari unabonyeza kile kitufe cha kijani. Gari linaandika papo hapo, na kituo kinaandika papo hapo. Ni tukio moja, basi saa zifanane. Mwezi wa Januari wote zinafanana. Tarehe 3 Februari umeme ulikatika pale kituoni, mashine ikazima. Ilipoamka, saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika saba, na hakuna aliyeirekebisha. Nimelinganisha safari zako zote tangu siku hiyo. Ni dakika saba kila safari, inapishana kwa sekunde moja au mbili tu.

Baba, unaona maana yake? Waliposoma 10:05, saa ya kweli ilikuwa 10:12. Saa ya kufika wameitoa kwenye gari, na gari lilikuwa sahihi. Wamepima kwa saa mbili zisizoelewana. Hukutumia dakika kumi na tisa, ulitumia kumi na mbili.

Nimepiga ukelele hapa ofisini mpaka jirani yangu wa meza amemwaga chai.

Zimebaki dakika nne juu ya zile nane za kawaida. Niambie ni nini, foleni? Nitaiandika kwenye ripoti tumalize.

Binti yako


15 Machi

Mwanangu mpenzi, Bi Maswali,

Salamu. Hujambo? Kikohozi je? Hujaniambia kama kimepona.

Barua yako nimeisoma mara nne, halafu nikaiweka mfukoni kama kitambulisho. Nimemwonyesha nesi. Nimemwonyesha kinyozi. Kinyozi haelewi kompyuta hata kidogo lakini amesema, "Mzee, umezaa." Nikamwambia hilo nalijua tangu siku uliyonifungulia redio ukitafuta mtu aliyemo ndani.

Hizo dakika nne ni lori. Pale njia panda ya duka la vioo kulikuwa na lori linashusha vioo, limeziba barabara. Nesi ameshawaambia kamati hivyo hivyo. Liandike.

Ila nikuambie jambo moja. Binti wa fundi alikuja hapa nyumbani juzi. Nilimkaribisha ndani, akakataa kukaa. Alisimama pale penye kapeti akasema, "Mama aliniuliza mara sita: wako wapi? Nilikuwa namjibu, wanakuja. Mara sita, baba. Mimi sitaki ufukuzwe kazi. Nataka tu kujua mlikuwa wapi." Nikamwambia kulikuwa na lori. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.



Andika ripoti yako upesi, mwanangu, kikao kinakaribia.

Baba yako

Nakukumbusha: unieleze na wewe zile dakika saba zimetoka wapi, nipate la kuwaambia.


20 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za hapo nyumbani? Unapata usingizi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Zile dakika saba nilikueleza kwenye barua iliyopita, lakini nitakueleza tena: saa ya mashine ya kituo ilikuwa nyuma tangu umeme ulipokatika.

Barua hii nimeianza na kuichana mara tatu.

Nilitaka kuliweka lori kwenye ripoti kwa ushahidi, si kwa maneno tu. Nikafungua faili la gari. Kila sekunde kumi gari linaandika lilipo, mwendo wake, na kama king'ora kinalia. Saa 10:17 ulifika njia panda ya duka la vioo. Mwendo sifuri, king'ora kinalia. Sekunde kumi baadaye, sifuri. Nikahesabu mistari ishirini na miwili ya sifuri. Ni dakika tatu na sekunde arobaini, halafu ukakata kushoto.

Baba, kwenye shajara ya kituo kuna gari la pili. Lilipita njia panda hiyo hiyo saa 10:18, nikiwa nimeshasahihisha zile dakika saba, wewe ukiwa umesimama. Lilipita kwa mwendo wa sitini, halikupunguza.

Hapakuwa na lori.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini unanijua, ndiyo maana umenipa jina hilo. Nikaiagiza skripti initafutie, kwenye safari zako zote, kila mahali uliposimama zaidi ya dakika moja king'ora kikiwa kinalia. Novemba hakuna hata moja. Desemba moja. Januari nne. Februari tisa. Ni njia panda tofauti tofauti, na zote ni barabara ulizonipitisha mimi nikiwa mdogo ukinitajia kila kona.

Sijatuma chochote kwa kamati. Sijamwonyesha mtu yeyote. Nakuuliza mimi tu, kwa upole na kwa heshima: ni nini kinakutokea pale?

Binti yako akupendaye


24 Machi

Kwako,

Nilikuomba unitetee, sikukuomba unipeleleze. Nilikutuma dakika saba, hizo nne ulitumwa na nani?

Miaka ishirini na sita nimebeba watu. Wako waliozaliwa mgongoni mwa gari langu ambao leo wana watoto. Halafu binti niliyemlea kwa mikono hii anakaa kwenye kiti cha kuzunguka huko aliko, anahesabu sifuri zangu.

Tuma zile saba. Hizo nyingine zifute. Na usiniandikie habari za njia panda tena.

Dereva


27 Machi

Shikamoo Baba,

Sitauliza habari za afya yako leo, naogopa kujibiwa "mzima".

Umekasirika, na una haki. Nisamehe kwa jinsi nilivyokuambia, kwa namba na orodha kama mtu anayesoma mashtaka. Siwezi kuomba radhi kwa kutazama.

Lakini nina kosa langu jingine, na hilo hukulijua. Desemba uliniandikia barua mbili, zikipishana siku tatu. Zote mbili zilieleza paa linalovuja juu ya jiko, maneno yale yale, hata utani ule ule wa ndoo. Nilizisoma zote mbili mbele ya wenzangu, tukacheka. Nilisema, "Mzee wangu sasa anapiga kopi." Mimi kazi yangu ni kugundua mashine inayoanza kuharibika kabla haijazima. Nalipwa kwa hilo. Na hukuniandikia kwa siri, Baba, uliniandikia wazi wazi, nikakunja barua nikazitia kwenye droo.

Kuhusu ripoti, kamati haijui kutazama zile nne. Nikiwapa saba peke yake na lori la nesi, utarudishwa kazini, na hakuna atakayejua. Naweza kufanya hivyo leo, ni kazi ya kufuta aya moja.

Ila ukirudishwa kazini utapewa ufunguo wa gari.

Na yule dada aliyejibu "wanakuja" mara sita amepewa lori ambalo halikuwepo.

Sikuamulii. Niambie nifanye nini, nitafanya, na hata ukisema nifute, mimi ni wako.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sisemi mzima, maana umenikataza.

Nimekaa na barua yako siku nzima. Nimeandika hii taratibu, na kila aya nikiimaliza naisoma tangu mwanzo nisije nikarudia. Ukiona nimerudia, ruka.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilitoka kituoni vizuri. Nilijua naenda kwa nani, jina lake nalijua, rangi ya mlango wake naijua. Nikafika pale njia panda, nikaona barabara tatu, na zote tatu zilikuwa mpya. Si kwamba nilisahau ipi. Nilikuwa kama mtu aliyeshushwa pale leo kwa mara ya kwanza. Mikono iko kwenye usukani, mguu uko kwenye breki, king'ora kinalia juu ya kichwa changu, nami sijui.

Lile duka wameegemeza vioo vikubwa ukutani kwa nje. Nikaona ndani ya kioo gari la wagonjwa, taa zinazunguka, na mzee mmoja amekaa mbele. Nikawaza, maskini, hawa nao wanamkimbilia nani? Mwanangu, nilimwonea huruma mgonjwa wao.

Nesi alidhani nangoja maelekezo ya kituo. Halafu akagonga kioo cha nyuma, halafu akapiga kelele. Na masikio yangu haya! Mwishowe alishuka, akaja dirishani kwangu, akasema taratibu kama anamsemesha mtoto, "Kushoto, mzee wangu. Kushoto." Nikakata kushoto, na barabara zote zikarudi mahali pake.

Lile lori alilizaa nesi kwa kunionea imani, mimi nikalilea. Usimlaumu.

Tangu Desemba nilikuwa naandika njia kwenye vijikaratasi, navichomeka juu ya kioo cha mbele. Siku ile havikuwepo, waliosafisha gari walikuwa wamevitoa. Nilijua, Bi Maswali. Wewe ulicheka kwa sababu hukujua. Mimi nilijua, na kila asubuhi nilichukua ufunguo. Nilijiambia ni uchovu, nikajiambia nimalizie mwaka huu tu. Bila gari lile mimi ni nani? Mzee kiziwi mwenye paa bovu.

Daktari wa kamati aliulizwa kama dakika chache zingemwokoa fundi. Akasema hajui, na hakuna atakayejua. Hilo ndilo linanila. Angesema zingemwokoa, ningelia nikamaliza. Angesema zisingemwokoa, ningelala.

Tuma zote. Dakika saba ziandike za mashine, nne ziandike zangu. Na zile safari nyingine za Januari na Februari ziweke pia, kuna watu walingoja.

Nilikuandikia vibaya siku ile. Lile neno "Dereva" ulifute, kama una amri ya kufuta.

Baba yako


4 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Nimetuma zote, leo saa tano asubuhi. Niliandika kwa maneno mepesi, nikaweka jedwali moja tu. Nilipofika kwenye mstari wa "dakika tatu na sekunde arobaini", nilitaka kuongeza maelezo: kwamba ni mtu mwema, kwamba hajawahi kumwacha mgonjwa. Ripoti haina mahali pa kuandika hayo. Basi nimekuandikia wewe.

Ile barua ya "Dereva" sikuifuta, wala sitaifuta. Ilikuwa ya baba yangu akiwa na hofu.

Nimeomba ruhusa kazini, bado hawajajibu. Uende kikaoni na nesi, usiende peke yako. Na unieleze kila kitu, hata ukirudia. Rudia tu.

Binti yako


11 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kifua je?

Kikao kimekwisha. Mwenyekiti aliisoma ripoti yako kwa sauti, taratibu, nikaisikia yote. Alipofika kwenye zile saba, wakuu wa kituo waliinamisha vichwa. Wamesema saa zote zitapimwa kila wiki. Alipofika kwenye zile nne, mimi nilisimama. Sikuambiwa nisimame, nilisimama tu. Nikasema, "Hizo ni zangu." Nesi naye akasimama, akasema lori lilikuwa lake. Amepewa onyo, kazi hajapoteza. Mimi nimestaafishwa. Waliniomba leseni, nikawapa, na ule mkono ukabaki umenyooka pale mezani kama haujui pa kwenda.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa binti wa fundi. Nesi alinisindikiza mpaka kona, mlangoni nikaenda mwenyewe. Cherehani bado ipo, imefunikwa shuka. Safari hii yeye ndiye aliyenikaribisha na mimi ndiye niliyekataa kukaa.

Nikamwambia, "Uliniuliza tulikuwa wapi. Nilikuwa njia panda ya duka la vioo. Nilisimama dakika nne kasoro, maana sikuijua njia ya kuja hapa. Kichwa changu kinaharibika. Nilijua kinaharibika, na nikaendesha."

Alinitazama usoni. Nikadhani atanipiga, na ningekubali.

Akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnakuja."

Nikasema, "Tulikuwa tunakuja."

Akasema, "Basi sikumdanganya mama." Akalia, mwanangu, akalia mpaka akakaa chini. Nami nikasimama pale nisijue niushike mkono wake au nisiushike. Alipotulia akafuta uso akaniambia, "Ahsante kwa kuniambia ukweli. Lakini usije tena hapa, baba. Sitaweza kukuona." Nikasema nimeelewa, nikatoka.

Kwenye kona nilimkuta nesi ananingoja. Ni mwendo wa dakika kumi mpaka nyumbani, lakini kulikuwa na njia mbili, nikangoja yeye atangulie.

Daktari ananiona Jumanne. Nesi ameniuliza swali zuri: kama kuna mtu nataka kumwona sasa. Alisema sasa, si baadaye. Nikamwambia yupo mmoja tu.

Ukipewa ruhusa, njoo. Wasipokupa, nitaelewa. Lakini njoo.

Baba yako


16 Aprili

Shikamoo Baba,

Ruhusa walinipa ya wiki mbili. Nikawaambia wiki mbili hazitoshi, nikawaeleza kisa chote, mkuu wangu akasema kompyuta naweza kuibeba. Nitafanyia kazi hapo nyumbani, kwenye meza ya jikoni, chini ya lile paa. Ndoo nitanunua mpya.

Nafika Jumamosi tarehe 20 kwa basi la mchana. Usije stendi kunipokea. Najua umezoea kunipokea, najua utataka, ila nakuomba uningoje nyumbani. Nimezungumza na nesi, atakuja kukaa na wewe mpaka nifike.

Nitabisha hodi kama mgeni. Usiponijua siku hiyo, au siku nyingine yoyote, usione haya, wala usijifanye unanijua ili kunifurahisha. Uliza tu "nani?". Nitakujibu.

Nitakujibu kila utakapouliza, Baba.

Binti yako